Magoti ya Jumatano

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa mzima wa afya, mama mkwe wangu ni mzima wa afya, na wazee wengine kumi na wawili wa mtaa wetu ni wazima wa afya, na hilo ndilo tatizo langu, nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, mke wangu ni fundi cherehani, tuna watoto wawili, na kazi yangu ni mratibu wa huduma za wazee katika baraza la mji. Zamani mzee akiwa na shida alikuwa anazungushwa, akitaka muuguzi anaambiwa nenda mlango ule, akitaka gari la kumpeleka kituo cha afya anaambiwa dereva ametoka na ufunguo, bomba likipasuka anaambiwa lete barua, kila idara ina daftari lake na hakuna anayejua la mwenzake, basi miaka miwili iliyopita tukaletewa mfumo wa kompyuta unaounganisha idara zote, nikapewa kuusimamia, na nisijisifu, nimeusimamia. Kila Jumanne asubuhi simu ya kila mzee inalia, hata iwe ile ndogo ya vitufe, sauti inamwambia shikamoo kisha inamtajia shida tisa, goti bonyeza moja, macho bonyeza mbili, dawa zimekwisha bonyeza tatu, paa linavuja bonyeza nne, na kuendelea, naye akishabonyeza kompyuta inampangia nani aje na lini. Mtaalamu wa mifupa anakuja kituoni siku ya Jumatano peke yake, kwa hiyo wenye magoti wote wa mtaa wetu wanapakiwa kwenye gari moja la baraza, lina viti kumi na vitatu. Ile sauti ya kwenye simu ni yangu, hatukuwa na mtu mwingine wa kurekodi, na wazee wengi huiitikia marahaba kwanza ndipo wabonyeze, nimewasikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu miaka mitatu iliyopita baada ya baba mkwe kufariki. Huyu mama si mtu wa mchezo, alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini na mmoja, zama zile ukitaka kumpigia mtu lazima uongee na opereta kwanza naye achomeke waya kwenye tundu ndipo uunganishwe, kwa hiyo mji mzima ulipita mikononi mwake, anajua nani alimposa nani na nani alikataliwa. Lakini alipofika kwetu alinyamaza. Akinywa chai anakwenda kukaa kwenye kiti cha dirishani mpaka jua linazama, ukimuuliza mama hujambo anasema nimo tu, sahani anairudisha kama ilivyokwenda, na mke wangu alikuwa anainamia cherehani ili nisione analia. Mimi msaada sikuwa nao, maana mama mkwe na mimi tunaheshimiana kupita kiasi, kwa miaka kumi na mmoja mazungumzo yetu yote yalikuwa shikamoo mama, marahaba mwanangu, basi, na tukikutana kwenye korido mmoja wetu anarudi chumbani.

Ghafla, miezi tisa iliyopita, mama akaanza goti. Nasema akaanza goti kwa sababu alilianza kama mtu anavyoanza shule, Jumanne jioni anapiga pasi gauni, Jumatano saa moja asubuhi yuko getini na mkoba na manukato anasubiri gari la baraza, na saa nane mchana akirudi anaimba, anakula, anagombana na mtangazaji wa redio, anamwambia mke wangu kola ya lile shati umeiweka upande. Mke wangu akaniuliza, "Hivi hiyo dawa ya kuchua wanaichanganya na nini?" Mimi nikavimba kichwa, nikajua huo ni mfumo wangu unafanya kazi, hata kikaoni nikatoa mfano wa bibi mmoja ninayemfahamu ambaye huduma zetu zimemrudishia uhai, na watu wakapiga makofi.

Mambo yakaharibika kwenye takwimu. Magoti ya mtaa wetu yalipanda kutoka mawili mpaka kumi na matatu kwa wiki na hayakushuka tena, wakati mitaa mingine ina goti moja moja, na mkurugenzi wetu, mtu anayependa grafu kuliko chakula, akasema hapa kuna jambo. Wakaja watu wa maji wakachukua maji ya bomba letu kwenye chupa, wakakuta hayana neno. Wakaja watu wa ujenzi wakapima ngazi za soko, wakakuta kila kipandio kina urefu wake, wakazibomoa wakazijenga upya na kuziwekea vyuma vya kushikia, ngazi nzuri sana, tunazipanda sote kwa raha, na magoti yakabaki kumi na matatu vilevile. Sasa mkurugenzi ameomba wataalamu kutoka makao makuu waje kuchunguza ugonjwa wa mtaa wetu, watafika Jumatatu baada ya wiki mbili, na ripoti ya kuwapokea naiandika mimi na kuitia sahihi yangu.

Sasa naungama, na hili hata mke wangu halijui lote. Jumanne ya wiki iliyopita simu ya mama ilidumbukia kwenye ndoo ya nguo. Saa tisa alasiri niko kazini, akanipigia kwa simu ya mke wangu, mara yake ya kwanza kunipigia katika miaka kumi na mmoja, akasema, "Mwanangu, mashine yako inafunga saa kumi na mimi sijaandikwa. Nisaidie." Mshauri, nilikuwa nimeketi nikajikuta nimesimama. Sikumuuliza hata goti linauma vipi. Viti vyote kumi na vitatu vilikuwa vimeshachukuliwa, lakini ofisi ikiandika mtu kwa mkono inatangulia waliobonyeza kwa simu, basi nikamwandika mama, na mtu wa kumi na tatu akasukumwa nje, sikuangalia ni nani, niliona namba tu, nikaenda zangu nyumbani natembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Alhamisi akapiga binti mmoja, anasema baba yake anauliza kama amekosea kubonyeza. Nikaenda kumwona. Mshauri, ni mzee fundi viatu, amestaafu sasa, huyu ndiye aliyenishonea viatu vyangu vya kwanza vya shule, nikamkuta kaketi kitandani goti limevimba kuliko paja, kwenda chooni anajiburuta kwa makalio. Wiki ya kwanza gari lilijaa, ya pili likajaa, ya tatu akaambiwa umepata, akanyoa ndevu, jioni sauti yangu ikampigia ikamwambia pole, gari limejaa. Na wala hakukasirika, aliniambia, "Sauti yako nzuri, mwanangu. Nikajua basi kuna wenye hali mbaya kuliko mimi." Nilimwachia dawa ya kuchua na ahadi, nikatoka.

Jumanne hii gari likajaa tena dakika nne tu baada ya simu kulia. Kumwingiza fundi viatu kulinitaka nimtoe mtu, nikafungua orodha, jina la kwanza kabisa ni la mama mkwe wangu, nikaifunga kompyuta. Kesho yake nikaenda kituo cha afya kuwaona kwa macho yangu hao wenye hali mbaya.

Niliwasikia kabla sijawaona. Kwenye korido ya kituo kuna mabenchi mawili yanayotazamana, juu ya kigoda katikati kuna karata na chupa ya chai, na mzee aliyekuwa dereva wa lori amesimama kwa mguu mmoja, ule ule wenye goti, anaonyesha alivyocheza siku ya harusi yake, na bibi mkunga anampigia makofi ya kumwongezea kasi. Mama mkwe wangu yuko katikati, miwani puani, daftari mapajani, anaita mahudhurio. "Mwalimu wa hesabu?" "Nipo." "Fundi umeme?" "Nipo, ila karata zangu mbaya." Akaniona. Akafunga daftari, akasogea, akapigapiga benchi kwa kiganja.

"Karibu ukae, mwanangu. Goti la kulia au la kushoto?"

Benchi zima likavunjika mbavu, mimi nikasema shikamooni, nikampa kila mmoja mkono kama mwendawazimu, nikakimbia. Muuguzi akanidaka mlangoni akaniambia, "Haya magoti yako yanacheka sana. Lakini usiyaguse. Nimewapima presha wote, watatu ilikuwa juu na walikuwa hawajui, sasa wako kwenye dawa."

Leo asubuhi mezani mama akaanza yeye mwenyewe.

"Jana umetuona."

"Nimewaona, mama."

"Unataka kusema nimedanganya."

Nikasema hapana mama, nikameza chai ya moto mpaka machozi yakanitoka. Akasema, "Mashine yako inaniuliza shida yangu nini, halafu inanipa tisa nichague. Yangu haimo. Nikachagua iliyo jirani." Akanieleza kwamba alizijaribu zote, macho wakampeleka peke yake, daktari dakika tano, kwaheri, paa walikuja vijana wawili wakapanda ngazi hata maji ya kunywa hawakuomba, lakini goti lina gari, goti lina benchi, na mtaalamu wa goti huchelewa saa mbili nzima. "Goti ndilo lenye foleni," akasema. "Basi nikawaunganisha na wenzangu. Kila Jumatatu nawapigia kumi na wawili, nawaambia, kesho moja." Alipokuwa anasema hivyo uso wake uling'aa, nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mfululizo, na mke wangu amesimama mlangoni na futi shingoni anacheka, basi habari ya fundi viatu sikuigusa, nikaongeza sukari kwenye chai. Mama hajui. Hakuna hata mmoja wao anayejua.

Baadaye mke wangu akanifuata nje akasema nikimrudisha mama yake kwenye kile kiti cha dirishani, tutatazamana vibaya mpaka uzeeni. Sasa, mshauri, nikiandika ukweli, mkurugenzi atawafuta wote kumi na watatu, gari litapelekwa mtaa mwingine, na mimi kwa kumwandika mama mkwe wangu kwa mkono naweza kukosa kazi, na nikitia sahihi, watakuja wataalamu kupima magoti yanayocheza dansi, huku fundi viatu kila Jumanne sauti yangu inampigia pole. Furaha ya nyumba yangu yote imekaa juu ya kiti cha mgonjwa, na mimi ndiye niliyeikalisha. Nifanye nini? Nijibu upesi.

Ni mimi,
Sauti ya Shikamoo

*

MSHAURI ANAJIBU

Sauti ya Shikamoo, pole, hongera, na uone haya. Vyote vitatu vipokee kwa pamoja.

Barua yako niliisoma nikiwa na kikombe mkononi. Kwenye ngazi za soko nilicheka nikamwaga chai. Halafu nikafika kwa fundi viatu, kicheko kikakatika. Umeniandikia kurasa tano, ndugu yangu. Ngazi umezisifu, grafu umeieleza, mwendo wako wa mtu aliyepandishwa cheo tumeuona. Lakini sikuona mahali unaposema kwamba yule mzee amefika kwa daktari. Nilirudia kusoma mara mbili nikitafuta. Dawa ya kuchua na ahadi! Goti limezidi paja, wewe unampa ahadi.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma mstari huu, weka gazeti chini. Tafuta gari, la baraza, la rafiki, la jirani usiyesalimiana naye, mpeleke mzee hospitali leo. Wala usisubiri Jumatano, hospitali zipo siku zote saba. Nenda na binti yake, na umshike mkono mwenyewe akipanda. Ukirudi tutaendelea.

Umerudi? Vizuri. Sasa tuzungumze.

Mama mkwe wako unamwogopa, na woga huo unauita heshima. Kumheshimu mtu mzima ni kumwambia jambo linalomhusu. Huyu mama kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu anayebaki kwenye laini anaita "haloo, haloo" bila kujibiwa, na sasa kuna mzee ameita wiki nne, na wewe umemficha. Unadhani unamlinda? Mwambie leo. Usimtume mkeo, usiandike kikaratasi ukakiacha chini ya sahani. Kaa naye, mwambie, "Mama, kuna fundi viatu, na nafasi yake nilikupa wewe." Nakuhakikishia hutafika mwisho wa habari, atakuwa ameshavaa viatu anauliza nyumba iko wapi. Atakukasirikia kidogo kwa kuchelewa kumwambia, na utavumilia, maana unastahili.

Kisha mkurugenzi. Usingoje wataalamu wafike. Nenda ofisini kwake, funga mlango, anza na lile linalokuuma zaidi: "Nilimwandika mama mkwe wangu kwa mkono, nikamtoa mgonjwa." Litangulize hilo, mengine yatafuata kwa urahisi. Atapiga kelele. Mwache apige, ana haki, na wewe usijitetee hata kwa neno moja. Akinyamaza kuvuta pumzi, mwambie ya pili, kwamba mtaa wetu hauna ugonjwa wa magoti, una wazee kumi na watatu waliochoka kukaa peke yao, na ndani ya miezi tisa ya kudanganya wamekuwa na afya kuliko tulipokuwa tunawahudumia sawasawa. Mchukue na muuguzi, aje na kitabu chake cha presha. Na kwa kuwa bwana huyu anapenda grafu, mchoree moja, wazee waliokuwa hawajulikani kuwa wanaumwa na sasa wanatibiwa. Hao wataalamu usiwazuie. Waje. Wamtazame fundi viatu, goti moja la kweli linatosha kuwapa kazi.

Kazi unaweza kuipoteza, sitakudanganya. Sidhani utaipoteza, kwa sababu mtu anayekuja mwenyewe na kosa lake kabla halijafumaniwa si rahisi kumfukuza, hasa kama ndiye peke yake anayejua nywila ya kompyuta. Lakini hata ukiipoteza, utapita mbele ya mlango wa fundi viatu bila kugeuza uso, na hilo sasa hivi huwezi.

Tuje kwenye mashine yako. Umeniambia ina shida tisa. Simu ina vitufe kumi vya namba, nimehesabu yangu hapa mezani. Sifuri haina kazi. Ipe kazi. Rekodi upya, kwa sauti hiyo hiyo wanayoiitikia marahaba, "Kama unataka kukaa na watu, bonyeza sifuri." Ukumbi wa baraza unafungwa kwa kufuli siku tano kati ya saba, na gari la Jumatano likishawashusha wagonjwa kituoni hulala mpaka saa nane, dereva anasoma gazeti, pengine anasoma hili hili. Lizunguke mara ya pili. Magoti yaende kwenye goti na sifuri ziende ukumbini, na chai ikae huko.

Na ile "pole, gari limejaa" ifute. Mtu akikosa gari mara moja, sawa, mashine imwambie. Akikosa mara ya pili, apigiwe na binadamu, amuulize, "Unatembea? Umekula? Nani yuko na wewe?" Ungemuuliza fundi viatu maswali hayo matatu wiki ya pili, leo usingekuwa unaniandikia. Huyo binadamu wa kupiga tayari unaye, anaishi nyumbani kwako, na unamkimbia kwenye korido. Kompyuta yako inajua nani amebonyeza. Daftari lake linajua nani hajasikika tangu wiki iliyopita. Mwekee meza karibu na yako asubuhi mbili kwa wiki, mpe simu isiyokaa karibu na ndoo, halafu umwache afanye kazi aliyoifanya kabla wewe hujazaliwa. Usishangae akianza kukupangia na wewe.

Mkeo ana haki kuhusu kile kiti cha dirishani. Mwambie nimesema hivyo. Na kola ya lile shati airekebishe.

Sasa na mimi niungame, maana si haki nikusute nikiwa nimejificha nyuma ya gazeti. Picha iliyo juu ya safu hii ilipigwa zamani sana, na nawashukuru wahariri kwa kuisahau. Nina miaka sabini na mbili. Naishi mtaani kwenu. Jumatano hukaa benchi la ukutani, wa pili kutoka mlangoni, na siku ile ulipokuja ulinipa mkono ukanitikisa mpaka bangili zikalia. Jumatatu simu yangu hulia, mama mkwe wako huniambia "kesho moja," na Jumanne nabonyeza moja. Magoti yangu yote mawili ni mazima, naenda sokoni na kurudi, na ngazi zenu mpya ni nzuri kweli. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwajibu wapweke wa mji mzima kutoka kwenye meza hii, nikimaliza naweka kalamu chini, nasikiliza friji. Basi alipotokea mtu wa kuniunganisha, nilikubali haraka sana, sikuuliza kiti ninachokalia ni cha nani.

Nilitakiwa kuuliza. Kiti kimoja kati ya vile kumi na vitatu kilikuwa changu, wiki zote nne, na katika wiki hizo fundi viatu alikuwa anajiburuta kwenda chooni. Nimeshampigia mama mkwe wako leo asubuhi kumwambia langu, kwamba sitabonyeza tena, lako nimekuachia wewe, kwa hiyo usikawie, maana ameniuliza kwa nini sauti yangu imebadilika na mimi si hodari wa kumficha kitu opereta.

Mpaka hiyo sifuri yako ianze kazi, fanya hivi. Jumanne ijayo sauti yako itaniambia shikamoo. Nitaiitikia marahaba kama kawaida, na sitabonyeza kitu. Kiti changu mpe fundi viatu, arudi kwa mtaalamu aonwe tena goti lake, na akishatoka humo ndani usimrudishe nyumbani moja kwa moja, mkalishe pale penye benchi la ukutani, wa pili kutoka mlangoni, kuna mto mdogo nimeuacha pale, auweke mguuni. Mimi nakuja kwa miguu, na msije mkashangaa mkinikuta nimeshafika.